Homa ya Siku ya Kumi na Saba

Kiswahili kimelipa ini cheo kisichopungua sana cheo cha moyo. Mtu aliyeumizwa na maneno husema kuwa amekatwa maini. Mpenzi aliye karibu kuwapita wote huitwa mkalia ini. Wazee wetu wa pwani hawakungoja kumpasua mtu ndipo wajue kuwa kiungo hiki, kilichojificha upande wa kuume chini ya mbavu, kina mambo mazito. Nimefundisha misemo hii kwa miaka mingi, na kila mwaka wanafunzi hucheka mahali palepale. Mimi nami nilikuwa nikicheka pamoja nao hata mwaka 2018, mwaka ambao mjomba wangu wa Pangani alionekana kuwa na uvimbe ndani ya ini lake.

Nataka kusimulia kosa nililolitenda katika ugonjwa wake. Si kosa la utabibu, maana mimi si tabibu, wala sina haki ya kumhukumu aliye tabibu. Ni kosa la mwalimu wa lugha, na kwa sababu hiyo nadhani mahali pake ni katika kurasa hizi.

Mjomba alikuwa mfanyabiashara wa nazi. Kwa zaidi ya miaka thelathini alinunua nazi za Mwera, Kigombe na mashamba ya ng'ambo ya mto, akazipeleka Tanga kuuza. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye tabia ya kugonga nazi kwa ukucha na kuisikiliza kabla ya kusema bei. Pasipo kujua, alikuwa amebeba homa ya ini ya aina ya B, yamkini tangu utoto. Wengi wa rika lake ndivyo walivyo, kwa kuwa chanjo ya ugonjwa huo iliingizwa katika chanjo za watoto wa Tanzania mwaka 2002, na waliozaliwa mbele ya hapo walikua bila ya ngao hiyo. Kirusi chake kikikaa katika ini miaka mingi huweza kuzaa saratani; na mahali ambapo watu hula mahindi au karanga zilizoingiwa na sumukuvu, hatari huzidi maradufu, kwa kuwa maadui hawa wawili husaidiana.

Uvimbe wa mjomba ulikuwa mmoja, na upana wake haukufika sentimita tatu. Uvimbe wa kadiri hiyo, madaktari walisema, waweza kuuawa pasipo kulipasua tumbo. Siku zile tiba ya namna hiyo ilikuwa adimu kwetu. Mwaka uleule wa 2018 madaktari wa ng'ambo ndio kwanza walianza kuja Muhimbili kuwafundisha wenzao kutibu kwa sindano na mirija wakiongozwa na picha, na mafunzo yenyewe ya shahada yakafuata mwaka 2019. Watoto wa mjomba hawakungoja. Waliuza kiwanja, wakachanga, wakampeleka India.

Tiba yenyewe ni ya ajabu kwa urahisi wake. Daktari humlaza mgonjwa, humtia ganzi au usingizi, huutazama uvimbe kwa picha ya mawimbi ya sauti au kwa mashine nyingine, kisha hupenyeza sindano ndefu katika ngozi mpaka ncha yake ifike katikati ya uvimbe. Nguvu ya umeme hupitishwa katika sindano, na nyama iliyoizunguka ncha hupata joto la nyuzi 60 na kuendelea, hata kukaribia 100. Baada ya dakika chache uvimbe huwa umepikwa. Sindano huchomolewa, tundu hufunikwa kwa plasta, na kesho yake au kesho kutwa mgonjwa huenda zake. Iko na njia nyingine, ya kupitisha mrija mwembamba katika mshipa wa damu kutoka pajani hata kwenye ini, na kuuziba mshipa unaoulisha uvimbe. Lakini mjomba hakutibiwa hivyo.

Nilipomweleza haya kabla ya safari aliuliza jambo moja tu.

“Na hiyo nyama iliyopikwa, mpwa wangu, itatokea wapi?”

Nikamwambia kuwa haitoki. Hubaki mumo humo, na mwili huila kidogo kidogo.

Alinyamaza kitambo, akasema, “Nazi iliyotobolewa haikai.”

Nilidhani anafanya mzaha wa kujipa moyo. Baadaye nilisoma na kuwauliza waliosomea mambo haya, nikaona kuwa muuza nazi alikuwa ameifikia shabaha pasipo kitabu. Nazi nzima hukaa ghalani miezi. Itoboe, na baada ya siku mbili tatu imekwisha kuchacha. Nyama iliyouawa na joto haina tena damu ipitayo ndani yake. Askari wa mwili, ambao husafiri kwa damu, hawafiki hapo; na dawa, ambayo nayo husafiri kwa damu, haifiki vema. Kijidudu akipata njia ya kuingia humo hukuta chakula kingi na mlinzi hakuna. Huzaana, na mahali pale hutunga usaha. Hili ndilo jipu la ini, nalo ni mojawapo ya madhara makubwa ya tiba hii.

Si jambo la mara nyingi, na sipendi msomaji mwenye mgonjwa nyumbani atishike bure. Mwaka 2003 madaktari wa Italia walitangaza hesabu ya wagonjwa 2,320 waliotibiwa ini kwa sindano ya joto: waliokufa walikuwa 6, na waliopatwa na madhara makubwa ya kila namna, majipu yakiwa baadhi yake, walikuwa 50. Ni wachache kuliko wale ambao wangeumia kwa kupasuliwa. Walakini hatari haigawanywi sawasawa. Vijidudu wengi wa majipu haya ni wakazi wa utumbo, na njia yao ni mfereji wa nyongo. Katika mtu wa kawaida mfereji huo una mlango mdogo mahali unapoingia katika utumbo. Nyongo hutoka, na uchafu wa utumbo haupandi. Kwa yule ambaye mfereji wake ulikwisha kukatwa na kuunganishwa upya na utumbo, au uliotiwa mrija wa kuuzibua, mlango huo haupo au haufungi. Vijidudu hukaa katika nyongo yake kimya, pengine miaka, wala hawamdhuru. Siku ile ini linapopata kipande kilichokufa, wanakuwa wameandaliwa karamu. Katika watu wa namna hii jipu si nadra tena. Mwenye kisukari naye huhesabiwa katika walio hatarini.

Sasa nije kwenye karatasi.

Mjomba alipotoka hospitali alipewa karatasi moja ya maelezo kwa Kiingereza. Mwanawe aliipiga picha akaniletea kwa simu, akaomba niitie katika Kiswahili ili mama yake aweze kuisoma. Nilifurahi kuombwa. Mtu mwenye shahada ya juu ya lugha hupewa nafasi chache sana za kuwafaa jamaa zake. Hawezi kuwatibu, hawezi kuwajengea nyumba, wala hawezi kuwapatia kazi. Nilikaa jioni nzima. Palikuwa na sentensi iliyosema kwamba homa ndogo ni jambo la kawaida katika juma la kwanza, na kwamba homa itakayodumu kupita hapo, au itakayoanza upya baada ya kukoma, ipelekwe kwa daktari bila ya kukawia. Niliiandika, nikaifuta, nikaiandika tena. Mwisho ikawa hivi: “Homa kidogo baada ya tiba ni ada ya mwili, msihofu, ila ikikithiri mwoneni daktari.”

Niliipenda sentensi hii. Ilikuwa na mizani, na ilisomeka kama kauli ya mzee. Yale maneno “katika juma la kwanza” yaliharibu mwendo wake, na yale ya homa kuanza upya yalinionekea kama marudio tu, basi niliyaacha. Sikuyasahau. Niliyaona, nikayapima kwa sikio, nikayaacha.

Homa ya kwanza ilikuja kama ilivyotarajiwa, siku ya pili baada ya sindano, ikaondoka siku ya sita. Hiyo haina kijidudu. Ni mwili unaoshughulika na nyama iliyokufa, na hupita wenyewe kwa mapumziko na dawa ndogo ya homa. Siku ya tisa mjomba alipanda ndege; siku ya kumi na moja alikuwa barazani kwake Pangani, akipokea wageni na kuwaonyesha plasta. Watu walistaajabu kuwa saratani imetibiwa kwa tundu lisilozidi la mwiba. Karatasi yangu ilibandikwa ukutani karibu na kalenda.

Siku ya kumi na saba mkaza mjomba alinipigia simu.

“Mwanangu, mjomba wako ana homa.”

“Kubwa?”

“Anatetemeka. Ameomba blanketi mchana huu, na jua lote hili. Na bega la kulia lamuuma, na hakuligonga popote.”

Nami, Mungu anisamehe, nilimsomea maneno yangu mwenyewe.

“Nasi ndiyo tuliyoyasoma,” alisema. “Karatasi iko hapa.”

Hapo ndipo lugha yetu ilipotuponza mara ya pili, na safari hii si kwa uzembe wangu peke yangu. Neno homa lina pango kubwa. Tunaita homa joto la mwili, na tunaita homa ugonjwa wenyewe, na magonjwa yaliyotofautiana kama mbuzi na samaki hulala pamoja ndani ya jina hili: homa ya matumbo, homa ya manjano, homa ya papasi, homa ya ini. Kila moja imetengwa na mwenzake kwa jasho la watu. Ile ya papasi, mathalan, Robert Koch aliichunguza katika nchi yetu mwaka 1905, zama za Wadachi, akaonyesha jinsi papasi wa nyumba na kambi za wasafiri anavyoieneza. Huku kwetu, juu ya milima ya Usambara, Amani palikuwa nyumba ya watafiti wa malaria tangu miaka ya 1950. Pamoja na kazi hiyo yote, mtu wa pwani akitetemeka leo, jirani yake hutaja malaria kabla hajavua viatu mlangoni.

Zamani jirani huyo alikuwa na haki. Malaria ilikuwa nyingi mno, na kuibahatisha ilikuwa kupatia mara nyingi. Lakini vijiji vya Korogwe vilivyochunguzwa mwanzoni mwa karne hii vilionyesha malaria ikipungua mwaka hata mwaka, na tangu 2010 Shirika la Afya Duniani limetaka kila mgonjwa apimwe kabla ya kupewa dawa. Katika uchunguzi uliofanywa Moshi mwaka 2007 na 2008, wagonjwa 870 walilazwa hospitali kwa homa; 528 kati yao walidhaniwa kuwa na malaria, na walioonekana kuwa nayo kwa hakika walikuwa 14. Nimeitumia hesabu hii darasani kama mfano wa neno lililoizidi maana yake. Siku ya kumi na saba sikuikumbuka.

Pangani mabishano yalikuwa ya namna mbili. Jirani mmoja alisema ni malaria, na dawa ya mseto ikanunuliwa, ikamezwa siku tatu. Shemeji yake alisema hapana, mgonjwa ana homa ya ini, hata hospitali waliandika, basi ikiwa mwenye homa ya ini anapata homa, pana ajabu gani? Hoja hii iliwatuliza wengi. Jina la ugonjwa wa kale lilikuwa limekwisha kulieleza joto la leo, na hakuna aliyeona haja ya kutafuta sababu nyingine. Mkaza mjomba peke yake hakutulia. Alinipigia tena siku ya ishirini, akaniuliza swali ambalo sijalisahau.

“Mwanangu, hapa umeandika ‘ikikithiri’. Kukithiri ni siku ngapi?”

Sikuwa na jibu. Nilifungua ile picha ya karatasi ya Kiingereza, nikaisoma tena kama mtu anayesoma hati ya deni lake.

Siku ya ishirini na mbili usiku, mjomba alianza kuwaita watu waliokwisha kufa. Alfajiri alipakiwa katika gari kwenda Tanga. Mimi nilimkuta huko. Macho yake yalikuwa ya manjano, na mkono wangu ulipogusa ubavu wake wa kuume alijikunja kama jongoo. Picha ya mawimbi ya sauti ilionyesha shimo mahali palipokuwa uvimbe, nalo limejaa. Alianzishiwa dawa za mshipa papo hapo, na siku ileile akasafirishwa Dar es Salaam. Huko daktari kijana aliingiza mrija katika ngozi, akiongozwa na picha, mpaka ndani ya jipu, na usaha ukatoka zaidi ya nusu lita. Mrija ulikaa siku kumi na tisa. Kutoa usaha ndiyo tiba. Dawa pekee aghalabu haitoshi, kwa sababu ileile ya damu isiyofika. Nilipata kujua pia kuwa kutia mirija ya namna hii ni miongoni mwa kazi za kwanza ambazo madaktari wetu walifundishwa katika mafunzo yale ya Muhimbili, na ni haki, maana kazi hiyo huokoa mtu kwa saa moja.

Yule daktari aliuliza, “Mzee aliwahi kupasuliwa mfereji wa nyongo?”

Watoto walitazamana. Mkaza mjomba alisema ndiyo: mwaka 2009, huko Mombasa, kwa ajili ya mawe, na mfereji ukaunganishwa na utumbo. Cheti kilikuwa ndani ya sanduku Pangani pamoja na stakabadhi za nazi.

“India waliambiwa?”

Hapo nilitamani ardhi inimeze, maana mwenye jibu nilikuwa mimi. Siku mjomba alipohojiwa India, mkalimani wa hospitali hakuwapo, nami niliitwa kwa simu nifasiri. Waliuliza kama amewahi kufanyiwa upasuaji. Mjomba alijibu, “Tumbo, zamani.” Nami nikafasiri: tumbo, zamani. Ilikuwa tafsiri sahihi kabisa, neno kwa neno. Kumbe tumbo nalo ni neno la pango kubwa kama homa, mna ndani yake ngiri, kidole tumbo, uzazi, utumbo na nyongo, na mfasiri aliye macho angemrudia mzee, “Tumbo gani, mjomba?” Daktari aliyekuwa akiuliza hakukijua Kiswahili hata ashuku upana wa neno. Mimi nilikijua.

Sisemi kuwa wangelijua wasingalimtibu. Pengine wangaliendelea, ila kwa dawa za kuua vijidudu za siku nyingi zaidi na kwa onyo kali zaidi. Madaktari wenyewe hawajakubaliana kama kila mgonjwa wa sindano hii apewe dawa hizo. Juu ya mwenye mfereji uliounganishwa, hadhari yao ni kubwa.

Mjomba alirudi Pangani amekonda, na nywele zimekatika. Juma la pili nilikwenda kumtazama, nikachukua karatasi mpya niliyoifasiri upya. Safari hii sikuacha kitu. Niliandika siku, niliandika juma, niliandika kwamba homa ikipita nyuzi 38 daktari aarifiwe. Niliisoma kwa sauti barazani. Mjomba alisikiliza akiwa amefumba macho, kidole chake kikigonga ubao wa kiti kama agongavyo nazi.

“Nyuzi thelathini na nane,” alisema. “Nani katika mtaa huu ana kipima joto?”

Nikamwambia nitamletea.

“Mimi utaniletea. Na mwingine? Futa hapo. Andika: akiomba blanketi mchana.”

Nikaandika.

“Andika: bega likiuma na hakuligonga.”

Nikaandika.

“Na hiyo homa ya ini iondoe kabisa, watu watalala nayo. Sema joto. Na hilo neno lako.”

“Lipi, mjomba?”

“Kukithiri.”

Nikalifuta. Mkaza mjomba, aliyekuwa akikuna nazi mlangoni, alisema bila ya kuinua kichwa kuwa siku zihesabiwe tangu sindano, si tangu kurudi nyumbani, maana wao walihesabu tangu kurudi. Hilo pia halikuwa katika karatasi ya Kiingereza.

Januari 2020 uvimbe mdogo wa pili ulionekana, mahali pengine katika ini lilelile, naye akarudi India. Cheti cha Mombasa kilisafiri katika mfuko wa shati lake. Walimpa dawa kabla ya sindano na siku nyingi baada yake. Aliporudi, mkaza mjomba alichukua kipande cha makaa akachora mistari nyuma ya mlango wa chumba, mmoja kila asubuhi, akianzia na zile siku alizokuwa bado ng'ambo. Nilikwenda Pangani siku alipochora mstari wa ishirini na nane. Mjomba alikuwa sokoni, akigonga nazi za watu wengine.